Kochi likague kabla halijavalishwa

Tangu Daraja la J.P. Magufuli lifunguliwe Juni 19, 2025, mtu wa Busisi haulizi tena kivuko kiko upande gani. Zile kilomita tatu za Ghuba ya Mwanza kati ya Kigongo na Busisi, ambazo zamani zilikuwa za kupanga foleni, sasa ni safari ya dakika chache. Pamoja na abiria, saruji na mchele, makochi nayo yanavuka hapo. Utayaona juu ya Canter, yamefungwa kamba na kuzungushiwa nailoni, yanatoka Mwanza mjini kwenda Sengerema, Geita na mbele zaidi.

Mama mmoja wa Busisi ameniandikia ujumbe kuhusu makochi hayo. Ana watoto wanne. Desemba wanatarajia wageni watakaoleta mahari ya binti yao mkubwa, na viti vya sebuleni kwake vimechoka. Yeye ana Sh700,000 alizopokea kwenye mchezo. Mumewe ameona Mwanza seti ya “kifalme”, miguu ya dhahabu na mgongo wa nakshi, na muuzaji yuko tayari kuwapa kwa mkopo wa mwaka mzima. Mama anauliza: “Tuichukue hiyo, au tumpe kazi fundi wa hapa hapa? Na nikimpa fundi, nitajuaje kama hajanijazia maboksi?”

Swali hilo lina mawili ndani yake. La kwanza ni la mtindo: kochi la umbo gani linafaa nyumba yetu? La pili ni la uimara: ndani ya kitambaa kuna nini? Wazazi wengi hutumia siku nzima kwenye swali la kwanza na dakika tano kwenye la pili. Leo tuyape yote mawili haki yake.

Picha ya kwenye simu si jambo jipya

Siku hizi mteja anaingia karakana na simu mkononi. “Fundi, nataka kama hili.” Fundi anaangalia picha, anakuna kichwa, anataja bei. Wapo wanaodhani huu ni utamaduni ulioletwa na Instagram. Sivyo. Mwaka 1754, seremala wa London aitwaye Thomas Chippendale alichapisha kitabu cha michoro ya fanicha. Matajiri walikifungua, wakachagua umbo, na mafundi wengine wengi wakaiga michoro ile katika miji ambayo Chippendale mwenyewe hakuwahi kufika.

Ila mchoro na picha vina udhaifu mmoja: vinaonyesha umbo tu. Haviwezi kukuonyesha mbao, mikanda wala sponji. Ndiyo maana mafundi wawili wanaweza kutazama picha moja, wakatoa makochi mawili yanayofanana kama mapacha, moja likakaa miaka 15 na jingine likabonyea kabla ya Pasaka.

Kwa hiyo mtindo ujue, ila ujue pia kwamba kila mtindo ulizaliwa kwa sababu fulani. Ukishajua sababu hiyo, utajua kama inahusiana na nyumba yako.

Sofa za kifalme

Hizi ndizo zinazotamaniwa sana kwa sasa. Wengine huziita za Kituruki. Miguu yake imepinda kama mguu wa mbuzi, mgongo una nakshi za maua na makombe ya baharini, na kila pembe imepakwa rangi ya dhahabu. Asili ya umbo hilo ni Ufaransa wakati wa Mfalme Louis wa 15, aliyetawala kuanzia 1715 hadi 1774. Aliyemfuata, Louis wa 16, anakumbukwa kwa fanicha zenye miguu iliyonyooka yenye mifereji midogo. Kwa hiyo ukiona mguu umepinda, fikiria Louis wa 15. Ukiona umenyooka kama nguzo ndogo, fikiria Louis wa 16.

Jina la Kituruki nalo si la bure. Masultani wa Uturuki walipojenga kasri la Dolmabahçe mjini Istanbul, lililokamilika 1856, waliachana na makalio ya chini ya jadi yao na kulipamba kwa mtindo wa Ulaya.

Sasa ona sababu yake. Viti hivi viliundwa kwa watu wenye watumishi. Kulikuwa na mtu wa kufuta vumbi kwenye kila ua la nakshi, na watoto hawakuruhusiwa kucheza karibu. Nakshi halisi ilichongwa kwenye mbao ngumu kwa patasi, kazi ya siku nyingi. Ile ya bei nafuu ya leo mara nyingi humwagwa kwenye kalibu la plastiki au gundi ngumu, ikabandikwa na kupakwa rangi. Mtoto akigonga na lori lake la kuchezea, ua linang’oka na huwezi kulirudisha.

Sisemi usinunue. Nasema ukinunua, jua unanunua kazi ya kila siku ya kufuta vumbi, katika nchi ya vumbi.

Kochi la vifungo

La pili ni Chesterfield, kochi la Kiingereza. Utalitambua kwa mambo mawili: mikono yake imeviringwa na iko kimo kimoja na mgongo, na limevutwa ndani kwa vifungo vingi vinavyotengeneza maumbo kama almasi. Kuna masimulizi kwamba liliagizwa na bwana mmoja mkubwa wa Chesterfield aliyetaka wageni wakae bila kukunja suti zao. Hayo ni masimulizi tu. Kazi ya vifungo vile inaeleweka zaidi: vilisaidia kushikilia ndani manyoya ya farasi yaliyojazwa kabla sponji haijajulikana, yasihame.

Leo vifungo ni pambo zaidi. Kwa mzazi, kila shimo la kifungo ni nyumba ya makombo ya biskuti, mchanga na ganda la karanga. Kama unalipenda, mwambie fundi aweke vifungo kwenye mgongo tu na aache makalio yakiwa bapa. Mgongo mtaufuta, na makalio mtayapiga brashi.

Kochi la L

Hili halina mfalme. Ni kochi la miji yenye vyumba vidogo, lililotengenezwa kujaza kona na kukalisha watu wengi bila kuweka viti vingi. Kwa sebule ya mraba yenye mlango mmoja linafaa sana. Shida yake ni kwamba likishapangwa, limepangwa. Ukihamia nyumba nyingine ambayo kona yake iko upande wa pili, kochi linageuka ukuta katikati ya chumba. Familia inayoishi nyumba ya kupanga iombe lile la vipande vinavyoachana, ambavyo vinaweza kubadilishwa upande.

Kochi la mbao na mito ya kutoa

Hapa ndipo nataka tukae kidogo, kwa sababu hili ndilo kochi ambalo wengi wanalidharau. Unalijua. Fremu ya mbao inaonekana yote, mikono ni ya mbao tupu, na juu yake kuna mito ya kukalia na ya kuegemea ambayo inainuliwa yote. Limejaa kwenye nyumba za walimu, za waganga na za watumishi wa serikali za zamani. Vijana huliita kochi la babu.

Lakini babu huyo ana ukoo mkubwa. Huko Uingereza, karibu mwaka 1866, kampuni ya William Morris ilianza kuuza kiti cha mbao chenye mito ya kutoa na mgongo unaoweza kulazwa. Morris alikuwa amechoshwa na fanicha za viwandani zilizojaa mapambo yasiyo na kazi. Alitaka mbao ionekane, na ufundi uonekane. Miaka ya 1940 na 1950 mafundi wa Denmark, akiwemo Hans Wegner, walilichukua wazo la fremu wazi na mito ya kutoa, wakalipunguza uzito na kulifanya laini machoni. Leo watu wa Ulaya hulipa fedha nyingi kwa makochi ya aina hiyo.

Sasa litazame kwa macho ya mama wa Busisi. Mtoto akikojoa usiku wa kuangalia katuni, unainua mto mmoja, unavua foronya yenye zipu, unafua, na sponji unaianika juani. Kochi zima halinuki. Hewa inapita chini na nyuma, jambo zuri kwa joto la kando ya ziwa. Kunguni na mende hawana pa kujificha kama kwenye kochi lililofungwa chini kwa kitambaa cheusi. Sponji ikichoka, unabadilisha sponji, si kochi. Kitambaa kikichakaa, fundi cherehani wa jirani anakushonea foronya mpya bila kugusa fremu. Na fremu ya mninga iliyounganishwa vizuri, binti anayeolewa leo anaweza kuirithi.

Hata kwetu, ufundi wa kuacha mbao ionekane si ugeni. Pwani, kuanzia Lamu hadi Zanzibar, wakubwa walikalia kiti cha enzi: kiti cha mpingo kilichonyooka, mgongo mrefu, kimetiwa vipande vya pembe za ndovu na kusukwa kwa kamba. Hakikuwa na sponji hata kidogo, na heshima yake haikupungua. Huku kwetu kanda ya ziwa, mtemi alikalia kigoda. Ukifika Makumbusho ya Wasukuma pale Bujora, Kisesa, utaona banda la watemi limejengwa kwa umbo la kigoda hicho. Heshima ya kiti ilikuwa kwenye mbao na mkono wa fundi.

Usione vyaelea

Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Nasi tunaoishi kando ya maji tunajua mtumbwi haukaguliwi kwa rangi. Kochi nalo lina viungo vitatu vinavyolibeba: fremu, mikanda na sponji.

*Fremu.* Mbao iwe kavu. Mbao mbichi hupinda na kupasuka ikiwa tayari sebuleni kwako. Mninga una sifa nzuri hapa, kwani hupungua kidogo sana unapokauka. Lakini mninga ni mti wa misitu ya miombo unaochukua miongo kukomaa, na bei yake inajulikana. Hakuna haja ya kuuficha ndani ya kitambaa. Kwa kochi lililovalishwa lote, paini kavu iliyotiwa dawa ya wadudu inatosha, mradi mbao za kubeba uzito ziwe nene. Mninga au mkongo uweke pale macho yanapoona: mikono na miguu.

Angalia viungio. Fremu nzuri ina ulimi wa mbao ulioingia kwenye tundu la mwenzake, gundi, na kipande cha pembetatu kwenye kila kona kilichokazwa kwa skrubu. Fremu mbaya ina misumari mitupu. Mikono ya kochi nayo ipigepige kwa kidole. Ikilia kama ngoma ya boksi, basi ni boksi kweli. Wapo mafundi wanaotumia mabanzi na maboksi ya katoni kujaza umbo, na mteja huligundua hilo siku mgeni mnene alipokaa kwenye mkono wa kochi.

Kipimo kimoja rahisi hata dukani: inua kona moja ya mbele kiasi cha nusu futi. Kama mguu wa pili wa mbele nao umeshaacha sakafu, fremu imeshikana. Kama bado umekaa chini, kochi linajipinda, na litaendelea kujipinda.

*Mikanda.* Chini ya mto kuna kitu kinachokubeba: springi za waya uliopindapinda, au mikanda ya mpira. Mafundi wetu wengi hukata mikanda kwenye tyubu za magari. Si kosa, mradi tyubu haijakauka na mikanda imesukwa kama mkeka, huku na huku, bila nafasi kubwa katikati. Ikiwa imepita upande mmoja tu, baada ya miezi michache makalio yatakuwa bonde.

*Sponji.* Hapa ndipo watu wengi wanapoliwa. Sponji tunayoijua ni mtoto wa uvumbuzi wa Mjerumani Otto Bayer na wenzake wa mwaka 1937, na ubora wake hupimwa kwa uzito: mita moja ya ujazo ina kilo ngapi. Kwa kukalia kila siku, tafuta ya kilo 30 au zaidi. Ya kilo 18 au 20 ibaki ya kuegemea. Muuzaji atakuambia, “Hii ngumu, mama, bonyeza.” Ugumu si uzito. Sponji inaweza kuwa ngumu leo na kusagika kesho.

Habari njema ni kwamba unaweza kupima mwenyewe, na mtu wa mwaloni hakosi mizani ya samaki. Chukua sponji ya mto mmoja bila foronya. Tuseme ina sentimita 60 kwa 60, unene sentimita 12, yaani karibu inchi 5. Ikiwa ni ya kilo 30, mizani itasoma karibu kilo 1.3. Ikisoma gramu 800 hivi, umeuziwa ya kuegemea. Kisha isugue kwa kidole gumba. Ikitoa unga, huenda imeongezwa unga ili iwe nzito, nayo haitadumu.

Pima sebule, pima mlango, pima bibi

Kabla ya kwenda dukani au kwa fundi, chukua futi ya kupimia na karatasi. Andika upana wa mlango wa mbele, upana wa korido kama ipo, na urefu wa kila ukuta. Kochi la watu watatu hufika mita 2 kwa urahisi. Kochi lenye kina cha sentimita 95 halipiti mlango wa sentimita 80 bila kuligeuza, na lile lililoundwa kipande kimoja huenda lisipite kabisa. Acha njia ya kupita ya sentimita 75 hivi, na kati ya kochi na meza acha sentimita 40 hadi 45.

Njia nyepesi zaidi: tandika magazeti au khanga sakafuni kwa ukubwa wa kochi unalotaka, kisha ishi nayo siku mbili. Kama watoto wanaikanyaga kila wakipita, kochi ni kubwa mno.

Kisha pima watu. Makalio yenye kimo cha sentimita 42 hadi 45 na kina cha sentimita 50 hadi 55 yanamfaa mtu mzima wa kawaida. Yale makochi mapana ya chini yanapendeza kwa kijana anayelala akiangalia mpira. Bibi akija kutoka kijijini akakaa humo, magoti yanakuwa juu kuliko kiuno, na kila akitaka kwenda msalani lazima avutwe na watu wawili. Mama mkwe atanyamaza kwa adabu, lakini atakumbuka. Katika kila seti, hakikisha kuna angalau kiti kimoja kirefu, kigumu, chenye mikono ya kujiinulia. Hicho ndicho kiti cha mgeni wa heshima.

Kitambaa

Velveti inang’aa, ila hukamata vumbi na nywele, na alama ya mkono wa mtoto hubaki. Ngozi ya plastiki hufutika haraka na ni rafiki wa mama mwenye watoto wachanga, lakini ikipigwa na jua la dirishani huanza kubanduka magamba, na mchana wa joto mapaja yananata. Kitambaa kizito kilichofumwa kwa kubana, chenye rangi ya kati na michirizi kidogo, ndicho kinachovumilia familia. Rangi nyeupe na ya maziwa waachie wasio na watoto wala matope.

Kiinue juu kuelekea dirishani. Ukiona mwanga mwingi unapita, kimefumwa kwa ulegevu. Dondoshea tone la maji kwenye kipande. Likizama papo hapo, na soda itazama hivyo hivyo. Ukinunua, ongeza mita moja ya akiba na uiweke kabatini. Miaka mitatu baadaye hutapata rangi ile tena.

Watoto na kochi

Kuna mambo ya usalama ambayo muuzaji hatakuambia. Mtoto mchanga asilazwe kwenye kochi kulala, na mzazi asilale naye kwenye kochi akiwa kifuani au pembeni. Mto laini na mwanya wa mgongo vinaweza kumziba pumzi, na halii mtu akasikia. Ukisikia usingizi unakuja wakati unanyonyesha, mwamshe mwenzako amchukue, au mpeleke mahali pake pa kulala.

Pili, sponji hushika moto haraka na moshi wake ni sumu. Mshumaa, kibatari, jiko la mkaa na dawa ya mbu ya kuchoma vikae mbali na kochi.

Tatu, ukinunua kochi lililotumika, lipindue kabla hujalipia. Tazama kwenye mishono na chini ya kitambaa cheusi. Vidoa vidogo vyeusi kama wino na maganda membamba ni dalili ya kunguni. Hilo liache hapo hapo, hata kama bei ni ya bure. Rahisi hugharimu.

Na jambo la nne si la usalama, ni la malezi. Kuna nyumba ambazo kochi limefunikwa vitambaa vya kufuma, juu yake nailoni, na watoto wanakaa sakafuni kuangalia televisheni huku kochi likisubiri wageni. Mtoto anakua akijua kwamba kitu kizuri cha nyumbani kwao si chake. Ukichagua kochi ambalo unaogopa mwanao alikalie, umechagua kochi la mtu mwingine.

Kwa mama wa Busisi

Dada yangu, tuanze na hesabu. Tuseme seti ile ni Sh1.2 milioni taslimu, na kwa mkopo mnalipa Sh150,000 kila mwezi kwa miezi 12. Hapo mtakuwa mmelipa Sh1.8 milioni. Ile Sh600,000 ya ziada ndiyo sare, madaftari na viatu vya Januari kwa wale watatu waliobaki nyumbani. Muulizeni muuzaji jumla ya malipo yote, si malipo ya mwezi, na mtakaa mkijua mnachofanya. Muulizeni pia mkichelewa mwezi mmoja kinatokea nini, na jibu liwe kwenye karatasi.

Usimwambie mumeo kwamba hajui vitu vizuri. Baba anayepokea mahari ya binti yake anataka sebule iseme kwamba huyu binti katoka kwenye nyumba ya watu. Hamu hiyo ni halali. Nenda naye karakana, mwonyeshe mninga uliopigwa randa na kupakwa vanishi, mwache apitishe mkono wake juu yake. Wanaume wengi hushawishika kwa mkono kuliko kwa maneno.

Ushauri wangu ni kochi la mbao la watu watatu na viti viwili vya mtu mmoja, mito ya kutoa, foronya za zipu. Zungumza na mafundi wawili au watatu, upate bei zao. Fedha isipotosha, anza na kochi la watu watatu, viti vifuate mchezo unaokuja, ila kitambaa nunua chote sasa ili rangi ilingane. Siku ya mahari, wageni wengine watakaa kwenye viti vya kukodi chini ya turubai kama kawaida yetu. Sijasikia mshenga aliyerudisha ng’ombe nyumbani kwa sababu miguu ya kochi haikuwa ya dhahabu.

Makubaliano na fundi

Fundi mzuri hakasiriki ukiandika. Chukueni karatasi moja, muandike haya, kila mmoja abaki na nakala yake:

1. Aina ya mbao ya mikono na miguu, na aina ya mbao ya ndani.
2. Vipimo: urefu, kina na kimo cha makalio.
3. Sponji ya kilo ngapi kwa mita ya ujazo ya kukalia, na ya kuegemea.
4. Kitambaa kitatoka kwa nani, na mita ngapi.
5. Tarehe ya kumaliza. Weka wiki mbili kabla ya shughuli yako, si siku mbili.
6. Malipo kwa awamu tatu: ya kwanza ya kununulia mbao, ya pili baada ya kuikagua fremu, ya tatu kochi likishafika nyumbani.

Awamu ya pili ndiyo ufunguo wa mengine yote. Mwambie fundi tangu siku ya kwanza: “Ukimaliza fremu, usivalishe, nipigie nije.” Siku hiyo nenda mchana, kukiwa na mwanga. Hesabu vipande vya pembetatu kwenye kona. Vuta mikanda kwa mkono. Inua kona moja uone. Kama unaishi mbali, akupigie picha ya chini, ya nyuma na ya ndani ya mikono. Kitambaa kikishapigwa pini, hutaona kitu tena mpaka kochi livunjike.

Wiki ijayo tutazungumzia kitanda cha watoto wawili: lini kinafaa, na lini ni wakati wa kuwatenganisha.